Imani ya Kikristo na Ulaji Bora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na waumini wa Dar es Salaam katika semina za afya za makanisa, katika jumuiya za mitaani, na zaidi katika foleni ya kupima presha na sukari baada ya ibada, pale ambapo mtu aliyejiona mzima anaelezwa kwamba vipimo vyake vimepanda. Waulizaji ni Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, Wasabato na Wapentekoste, na pale ambapo madhehebu yanatofautiana imesemwa hivyo waziwazi. Maelezo ya lishe yaliyomo ni ya jumla. Mgonjwa anayetumia dawa amsikilize kwanza daktari wake.

Je, Mungu anajali kweli kilichomo kwenye sahani yangu?

Anajali, ingawa si kwa namna ambayo wengi hutarajia. Wanaouliza swali hili mara nyingi wanasubiri kupewa orodha ya vyakula vitakatifu na vyakula vichafu, ilhali Paulo anawaelekeza Wakorintho kwingine. Kwanza anawaambia kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Kisha anaandika, "Basi, mlapo, au mnywapo, au mtendapo neno lo lote, fanyeni yote kwa utukufu wa Mungu" (10:31). Sura moja baadaye anawakemea vikali kwa sababu wanapokutana kula, huyu ana njaa na yule amelewa (11:21). Chakula cha Mkristo, basi, kinahusu mwili wake, kinamhusu Mungu wake, na kinamhusu jirani aliyeketi naye mezani.

Hili la tatu ndilo tunalolisahau kuliko yote, nami naamini ndilo lenye nguvu kubwa zaidi ya kubadilisha afya ya waumini wa jiji hili. Ni wachache sana wanaoweza kubadilisha ulaji wao wakiwa peke yao, huku kila meza wanayoalikwa, kuanzia ya jumuiya hadi ya harusi, imejaa soda na vitu vya kukaanga. Meza ya kanisa ikibadilika, nyumba nyingi zitabadilika nayo.

Tukumbuke pia Eliya katika 1 Wafalme 19. Alipochoka kiasi cha kuomba afe, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate wa kuoka na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na ndipo safari ya kwenda Horebu ikaendelea.

Je, Mkristo amekatazwa kula kitimoto, kambale au pweza?

Hapa madhehebu hayaafikiani, na hakuna sababu ya kujifanya yanaafikiana. Wasabato hufuata mgawanyo wa Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, kwa hiyo hawali nguruwe wala viumbe wa majini wasio na mapezi na magamba. Kwa mnunuzi wa samaki pale Feri, maana yake ni kuacha pweza, ngisi, kamba, kaa na kambale. Makanisa mengine mengi husoma Marko 7:18-19, maono ya Petro huko Yafa katika Matendo 10, na 1 Timotheo 4:4, na kuhitimisha kwamba katazo hilo halimfungi Mkristo. Warumi 14 inawapa pande zote mbili kazi moja: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Kumwandalia Msabato nyama ya nguruwe huku ukimficha si mzaha wa kindugu, ni kumkosea.

Kwa upande wa afya, nyama ya nguruwe si sumu, lakini namna inavyoliwa mjini inastahili kuangaliwa: hukaangwa katika mafuta yake yenyewe, hutiwa chumvi nyingi, huandamana na ndizi za kukaanga na bia, na huliwa usiku. Lazima iive kabisa hadi ndani kwa sababu ya minyoo tegu. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zina tatizo lake, kwani mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Anayekula soseji ya kando ya barabara kila jioni akidhani ni chakula chepesi ana haja ya kulijua jambo hilo.

Ni kweli kwamba Wasabato huishi muda mrefu kwa sababu hawali nyama?

Kuna ukweli ndani yake. Huko California, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda wamewafuatilia Wasabato kwa miongo mingi, ilionekana kwamba wanaume wa Kisabato waliishi takriban miaka 7 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake takriban miaka 4 zaidi. Utafiti mwingine mkubwa, ulioanza mwaka 2002 na kuwahusisha watu wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada, ulionesha kwamba Wasabato wasiokula nyama walikuwa na uzito mdogo na kiwango cha chini cha kisukari na presha kuliko Wasabato wenzao wanaokula nyama. Hata hivyo, watu hao kwa sehemu kubwa hawavuti sigara wala hawanywi pombe, wanapumzika siku moja kila juma, na wana ushirika wa karibu. Si haki kuupa mchicha sifa zote. Wala Msabato wa Dar es Salaam anayeacha nyama na kuishi kwa chapati, maandazi na soda asitarajie matokeo ya Loma Linda.

Mfungo wa Danieli ni nini, na una faida kwa afya?

Umetokana na sehemu mbili za kitabu cha Danieli: sura ya 1, ambapo Danieli na wenzake walijaribiwa kwa siku 10 wakila chakula cha mimea na kunywa maji, na sura ya 10, ambapo kwa muda wa majuma matatu Danieli hakula chakula kitamu, nyama wala divai. Ndiyo maana makanisa mengi, hasa ya Kipentekoste, huufanya kwa siku 21, mara nyingi mwezi Januari.

Ukifanywa kwa maharage, choroko, mbaazi, mboga za majani, viazi vitamu, karanga, ugali wa dona na matunda, pasipo sukari ya kuongeza, ni ulaji mzuri sana, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuumudu bila hofu. Kinachouharibu ni kubadilisha tu majina ya anasa: nyama inaondoka, chipsi zinaingia, soda inaondoka, juisi ya boksi yenye sukari nyingi inaingia. Linalonihuzunisha zaidi ni siku ya 22, pale kanisa lilelile linapomaliza mfungo kwa karamu ya nyama na kreti za soda, na mazoea mazuri ya majuma matatu yanafutika kwa mchana mmoja. Ingefaa mchungaji, kabla ya mfungo kwisha, awaombe waumini wachague jambo moja la kuendelea nalo, kwa mfano kunywa chai bila sukari.

Nina kisukari, presha au vidonda vya tumbo, au ni mjamzito. Je, nifunge?

Swali hili lina uzito kuliko yote, kwa kuwa watu hufika hospitalini wakiwa hawajitambui katikati ya mfungo, na wengine huacha dawa wakidhani kwamba kumeza kidonge ni kuvunja ahadi waliyomwekea Mungu.

Anayetumia sindano za insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akifunga bila kubadilishiwa dozi, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Dalili ni kutetemeka, jasho jingi, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na hatimaye kupoteza fahamu. Wapo waliokuwa katika hali hiyo kwenye mkesha, na wenzao wakaendelea kuomba wakidhani ni mapepo. Mtu wa namna hiyo, kama bado anaweza kumeza, apewe mara moja maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15 hivi, kisha apewe chakula. Kama hajitambui, asinyweshwe kitu chochote kwa sababu kinaweza kumpalia, bali akimbizwe hospitali. Maombi yaendelee njiani.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wazee dhaifu, wenye matatizo ya figo, wenye vidonda vya tumbo, wanaotumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wale waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima kula, wasifunge chakula bila kuzungumza na mtoa huduma wao wa afya. Presha peke yake haimzuii kila mtu kufunga, lakini dawa za presha zisiachwe. Nyingi humezwa mara moja kwa siku na zinaweza kupangiwa saa inayofaa.

Anayeona kwamba kutofunga ni upungufu wa imani aangalie jinsi makanisa yenyewe yalivyoweka mipaka. Katika Kanisa Katoliki, sheria ya kufunga inawahusu wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na kujinyima nyama kunaanza katika miaka 14. Siku za kufunga za lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata siku hizo unaruhusiwa mlo mmoja kamili na vyakula vidogo viwili. Wazee na wagonjwa wamesamehewa hata mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo. Sheria hii imetungwa na watu waliojua kwamba mwili wa mgonjwa tayari umebeba msalaba wake.

Asiyeweza kufunga chakula ana mengi ya kufunga. Isaya 58 inaueleza mfungo aupendao Bwana kuwa ni kumgawia mwenye njaa mkate wako na kuwaleta maskini nyumbani. Mgonjwa wa kisukari anayeacha soda siku zote 40 za Kwaresma na kumpelekea jirani fedha hiyo amefunga kweli.

Je, inafaa kufunga siku tatu bila chakula wala maji kama Esta?

Esta na watu wake walifanya hivyo mara moja, wakikabiliwa na tishio la kuangamizwa taifa zima (Esta 4:16), na Maandiko hayakuifanya kuwa kanuni ya kila robo ya mwaka. Katika joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, mtu anayetembea juani au kubanana kwenye daladala hupoteza maji mengi kwa jasho, na kukaa siku tatu bila kunywa kunaweza kudhuru figo hata za mtu aliyekuwa mzima. Nawaomba viongozi wa maombi wasitangaze mfungo wa namna hiyo kwa kusanyiko zima. Kunywa maji hakuondoi thamani ya mfungo.

Nifungue mfungo kwa chakula gani?

Kwa mfungo wa mchana mmoja, anza na maji na tunda, kisha kula mlo wako wa kawaida bila kufidia ulichokosa. Kwa mfungo wa siku kadhaa, rudi polepole: uji mwepesi, papai, supu ya mboga, na siku ya pili wali kidogo na maharage. Mwili uliokaa bila chakula siku nyingi ukipewa ghafla mlo mkubwa unaweza kuvurugika madini katika damu, na kwa mtu dhaifu jambo hilo ni la hatari.

Tukishakibariki chakula, je, kinaweza bado kutudhuru?

Kinaweza. Sala ya mezani ni shukrani, na shukrani hiyo haigeuzi soda kuwa maji. Yesu mwenyewe alipoambiwa ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemlinda, alijibu kwamba imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako.

Nimeombewa kisukari na ninaamini nimepona. Je, niache dawa na kula nitakacho?

Usiache chochote kabla ya kupima. Katika Luka 17 wakoma kumi walipomwomba Yesu awarehemu, aliwaambia waende wakajioneshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa na kazi ya kuukagua ugonjwa huo na kuthibitisha kupona. Bwana hakuona kwamba uthibitisho unaitia doa kazi yake. Basi nawe nenda kliniki, eleza kilichotokea bila aibu, upimwe, na daktari ndiye apunguze au aondoe dawa kama vipimo vinaruhusu. Kisukari na presha vinaweza kukaa kimya kwa miezi huku vikiharibu macho, figo, mishipa ya miguu na moyo, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Paulo alisafiri na Luka, ambaye alimwita tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), na sijasoma popote kwamba aliona haya kwa hilo.

Kwa wanaotaka kujua ukubwa wa tatizo: uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika kila 100 wana kisukari. Katika benchi moja la kanisa lenye watu wazima wanane, hesabu hiyo ni kama wawili wenye presha.

Chai ya baada ya ibada na chakula cha sherehe vina ubaya gani? Si ndiyo upendo wenyewe?

Ni upendo, na ndiyo sababu inafaa kuvitazama kwa makini. Kwetu mgeni hupewa soda, na mgeni anayeikataa huonekana amemdharau mwenyeji. Mama wa jumuiya anayekaanga maandazi alfajiri kwa ajili ya wanakwaya anatumia nguvu zake kwa moyo mweupe. Tatizo liko katika kile tulichokubaliana, bila kukaa kikao, kwamba ndicho chakula cha heshima.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni takriban gramu 25, yaani kama vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 35 au zaidi. Muumini aliyekunywa chai yenye vijiko vitatu baada ya ibada ya kwanza, akala andazi, kisha mchana akanywa soda kwenye ubarikio wa mtoto wa jirani, amevuka kiwango hicho kabla ya jua kuzama, na Jumapili nyingi za jijini ndivyo zilivyo.

Njia za kubadilisha ni rahisi na hazimwaibishi mtu. Chai ipikwe bila sukari na bakuli la sukari likae pembeni, kila mtu ajiwekee. Mahali pa maandazi na sambusa, angalau Jumapili moja kati ya mbili, pawe na mihogo, magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha, karanga za kuchoma zisizo na chumvi, ndizi mbivu na vipande vya tikiti. Mgeni anaweza kuheshimiwa kwa dafu, ambalo lina sukari kidogo kuliko soda na ni fahari ya pwani yetu. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya madini ya potasiamu.

Kwenye sherehe kubwa, iwe kipaimara, send-off au harusi, neno langu ni kwa kamati za maandalizi. Chakula kinachotolewa saa nne au saa tano usiku kinawakuta watu wameshakunywa soda mbili kwa njaa, na wanabeba sahani yenye pilau, wali, chipsi na ndizi kwa pamoja, huku kachumbari ikipata nafasi ya kijiko kimoja pembeni. Pangeni chakula kabla ya saa mbili. Wekeni mboga, kachumbari na matunda mwanzoni mwa meza, kabla ya mpunga, kwa kuwa mtu hujaza sahani yake kwa anachokutana nacho kwanza. Maji yawe mezani tangu wageni wanapoketi, na soda iletwe kwa anayeiomba. Michango ni ileile. Kinachobadilika ni uamuzi wa watu sita au saba wanaokaa kwenye kamati.

Chakula bora si cha matajiri?

Hapana, ingawa simlaumu anayefikiri hivyo, maana mara nyingi anayefundisha lishe huonesha picha za vyakula vya dukani. Fungu la mchicha, matembele, kisamvu au majani ya maboga, dagaa, maharage, choroko na kunde vinapatikana Buguruni, Tandale, Mabibo, Ilala na Temeke kwa bei ambayo kwa kawaida iko chini ya sahani ya chipsi mayai na soda. Matunda nunua ya msimu: maembe kuelekea mwisho wa mwaka, machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, mananasi ya Kiwangwa yanapojaa barabarani. Lengo linaloshauriwa ni angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na nusu ya sahani iliyojaa mboga na tunda itakufikisha karibu na hapo bila mizani. Robo ya sahani iwe ugali, wali au ndizi, na robo iliyobaki maharage, samaki, mayai au nyama.

Mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi, na tui la nazi liwe jepesi. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kwa mtu, ikiwemo ile iliyomo kwenye viungo vya kukoleza mchuzi. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa halijakobolewa, lakini chagua mahindi makavu yasiyo na ukungu: sumukuvu haiondolewi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Ninakula kwa mama lishe kila siku. Nifanyeje?

Mwombe aongeze mboga na apunguze wali, na umwambie mapema kwamba hutaki mafuta ya kumwagia juu. Wengi hukubali kwa furaha, hasa kwa mteja wa kila siku. Chagua maharage au samaki wa mchuzi badala ya wa kukaanga, na beba maji yako.

Je, unene ni dhambi?

La. Ulafi umehesabiwa na Kanisa kuwa kilema cha kiroho, yaani tabia mbaya, tangu karne za mwanzo, na Mithali 23:20-21 inauonya, lakini ulafi hauonekani kwa kutazama kiuno cha mtu. Kuna watu wembamba walafi, na kuna wanene wanaokula kidogo, kwa kuwa mwili unaathiriwa pia na urithi, dawa, uzazi, msongo wa mawazo na kazi ya kukaa. Yesu mwenyewe aliitwa mlafi na mlevi na watu waliopenda kuhukumu (Mathayo 11:19). Mhubiri asimtaje muumini mnene kwa mfano madhabahuni, na mashemeji wasimsifu bwana harusi kwa kitambi kwamba ndiyo dalili ya kutunzwa vyema, kwa maana maneno yote mawili yanaumiza, moja moyo na jingine mishipa. Kwa ajili ya afya tu, pima kiuno: hatari huanza kuongezeka kinapozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Mazoezi ya dakika 150 kwa juma, hata kutembea kwenda ibadani, yanasaidia.

Paulo alimshauri Timotheo anywe divai. Je, kidogo si dawa?

Paulo alimwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), ushauri uliomhusu mtu mmoja mwenye shida mahususi. Makanisa yanatofautiana kuhusu pombe, na hilo nawaachia waumini na viongozi wao. Kitabibu, Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Asianze kunywa mtu yeyote kwa kisingizio cha moyo.

Kanisani kwetu wanauza virutubisho vinavyotibu magonjwa yote. Ninunue?

Bidhaa inayodai kutibu kisukari, presha, saratani na utasa kwa pamoja usiinunue, hata kama muuzaji ni mzee wa kanisa. Bidhaa zilizofungashwa ziangaliwe kama zina alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa ziwe zimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kamwe zisichukue nafasi ya dawa ulizoandikiwa.

Jirani yangu Mwislamu ananiletea futari nami niko kwenye Kwaresma. Nipokee?

Pokea kwa mikono miwili. Mwaka 2025 Kwaresma ilianza tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam watu wa dini zote mbili walifunga wakitumia ua mmoja. Futari ya mihogo, magimbi au maharage haina nyama, kwa hiyo inaweza kuwa mlo wako wa jioni. Kama umeshakula, iweke ya kesho au wagawie wengine nyumbani, na chombo kisirudi kitupu.

Watoto wa Shule ya Jumapili wanapewa pipi wakijibu maswali. Ni sawa?

Ingefaa kuacha. Mtoto anayejifunza kwamba sifa huja na sukari hubeba mazoea hayo ukubwani, na meno yake huoza mapema. Mpeni kalamu, kibandiko cha rangi au kipande cha embe.

Tunapowachangia wahitaji chakula, tuweke nini kwenye kapu?

Makapu mengi huwa na sembe, sukari, mafuta na sabuni, kwa kuwa ni vitu vinavyokaa na vinavyogawanyika kwa urahisi. Viendelee, lakini punguzeni sukari na mwongeze maharage au choroko, dagaa waliokauka vizuri, karanga zilizochambuliwa, na chumvi yenye madini joto. Sembe nayo inunuliwe ile iliyoongezwa virutubishi, ambayo huandikwa hivyo kwenye mfuko. Siku ya kugawa, ongezeni mboga na matunda ya siku hiyo. Kabla ya kupanga kapu la mtu, muulizeni kama nyumbani kwake kuna mwenye kisukari, mtoto wa chini ya miaka mitano, au mzee asiye na meno. Kwa huyo wa mwisho unga wa uji na dagaa waliosagwa vitafaa kuliko mahindi ya kuchemsha.